Kuweka alimaji ku motere ya zamani iliyobadilishwa: namna degre chache zilitukulia pistoni

Wengi munanijua kama mtu wa mashamba: mbolea, mbegu, magonjwa ya vitunguu. Leo nitawaongelesha juu ya motere, na musishangae. Mtu akilima bila kuwa na namna ya kufikisha mavuno ku soko, amelimia panya. Namna yetu ya kufikisha ni pick-up moja ya Toyota Land Cruiser FJ45, ile ya zamani, motere 2F ya esansi yenye silinda 6. Baba mkubwa aliiacha chini ya mti miaka mingi. Nilipomaliza masomo na kazi ikakosekana, mimi na binamu yangu tuliirudisha ku barabara kwa pesa ya mavuno mawili.

Motere haikurudi kama ilivyotoka kiwandani. Kilasi ilikuwa imepinda kwa sababu ya joto, ikakatwa karibu milimita moja ili ilale sawasawa. Karbirateri ya kwanza ilikuwa imekufa, tukaweka ya aina ingine. Delko ya platine tuliitoa, tukaweka delko ya elektroniki iliyotoka ku motere ingine. Siku ya kuwasha, fundi mmoja alizungusha delko kwa mkono huku anasikiliza, ralanti ikawa tamu, akakaza boloni. "Iko bien," alisema. Sisi pia tulisema iko bien. Hakuna aliyepima.

Safari ya tatu, tukitoka Butembo kwenda Beni na magunia 10 ya vitunguu, tulisikia sauti ndogo ku mlima: kama punje za mahindi zinarukaruka mu sufuria. Tukaongeza sauti ya redio. Kwenye mlima wa mwisho nguvu ilipotea, moshi wa buluu ukatoka nyuma, na motere ikaanza kutetemeka. Jua lilikuwa linashuka, na wote munajua barabara ile si ya kulala. Tuliuza vitunguu palepale kando ya barabara. Mnunuzi akiona motere yako imekufa, bei ya vitunguu nayo inakufa.

Tulipofungua, pistoni ya nne ilikuwa imevunjika pale segima zinapokaa. Pistoni haikuwa ya zamani. Alimaji njo ilikuwa mbaya. Toka siku ile nilianza kusoma na kuuliza, na ninataka kuwapa nilichopata, sababu najua wengi wenu nyumbani kuna gari, moto-pompe ao mashini ya kusaga ya esansi yenye hadithi kama hii.

Alimaji ni nini, kwa lugha nyepesi

Mu silinda, pistoni inapanda na kubana mchanganyiko wa hewa na esansi. Bugi inatoa cheche, mchanganyiko unawaka, joto linasukuma pistoni chini. Wengi tunafikiri cheche inatoka pistoni ikiwa juu kabisa. Hapana. Esansi hailipuki mara moja kama baruti. Moto unaanzia kwenye bugi na unatembea mpaka ukuta wa silinda, na safari hiyo inahitaji muda. Basi cheche lazima itangulie kidogo, ili msukumo mkubwa ukute pistoni imepita tu juu na inaanza kushuka. Kutangulia huko njo tunaita avansi, na tunaipima kwa degre za mzunguko wa vilebrekeni.

Tufanye hesabu kidogo. Motere ikizunguka mara 650 kwa dakika, degre moja inachukua karibu milisekunde 0.26. Degre 7 za avansi ni karibu milisekunde 1.8. Ikizunguka mara 3,000, degre moja inachukua milisekunde 0.056 tu. Kama moto ungehitaji muda uleule wa milisekunde 1.8, ungehitaji degre 32. Kwa ukweli moto unatembea haraka zaidi motere ikikimbia, sababu hewa inavurugika zaidi mu silinda, lakini kanuni inabaki: mwendo ukipanda, avansi lazima ipande.

Motere haina mtu wa kuigeuza saa yote, kwa hiyo delko inajifanyia kazi hiyo yenyewe. Ndani yake kuna vizito viwili na sipiringi. Mwendo ukipanda, vizito vinatanuka na kusukuma avansi mbele. Pembeni kuna kapsili yenye mpira mwembamba, inavutwa na depresiyo ya motere, inaongeza avansi wakati unatembea polepole bila kukanyaga sana. Ukikanyaga kabisa ku mlima, depresiyo inapungua na kapsili inaachilia.

Kwa hiyo kuna vitu vitatu: avansi ya msingi, ile unayoweka kwa mkono kwa kugeuza delko, avansi ya vizito, na avansi ya kapsili. Kosa letu lilikuwa kusikiliza ya kwanza tu.

Kwa nini namba ya kiwanda haitoshi tena

Kwa 2F, kiwanda kiliandika degre 7 kabla ya juu kabisa, ku ralanti ya 650. Ni namba nzuri, lakini ilihesabiwa kwa motere ya kiwanda. Yetu ilikuwa imebadilika mara nne.

Kwanza, kompresiyo. Silinda ya 2F ina upana wa milimita 94 na pistoni inatembea milimita 101.6, ni kusema karibu sentimita kyubiki 705. Kompresiyo ya kiwanda ni 7.8 kwa 1, kwa hiyo chumba cha juu kina karibu 104. Ukikata kilasi na chumba kikapoteza 6 tu, kompresiyo inapanda mpaka karibu 8.2. Mchanganyiko uliobanwa zaidi unawaka haraka zaidi na unavumilia avansi kidogo kuliko zamani.

Pili, delko. Vizito na sipiringi za delko ingine vina mwendo wao. Degre 7 ku ralanti zinaweza kukupa 28 juu ama zikupe 38. Kwa macho huwezi kujua.

Tatu, karbirateri. Tundu la kuvuta kapsili haliko pahali palepale ku kila karbirateri. Ku zingine linavuta toka ralanti, ku zingine linaanza kuvuta ukikanyaga. Na mchanganyiko ukiwa na esansi kidogo kuliko inavyofaa, silinda inapata joto zaidi.

Nne, esansi yenyewe. Oktani ni uwezo wa esansi kuvumilia kubanwa na joto bila kujiwasha ovyo. Esansi ya chupa ya ba-kadafi wakati mwingine ni safi, wakati mwingine imechanganywa na petrole ya taa. Petrole ina oktani ndogo sana. Kikombe kidogo tu kinatosha kuharibu.

Na kuna jambo la tano ambalo sisi watu wa milima tunasahau: urefu wa mahali. Kwenye mita 1,700, msukumo wa hewa ni karibu asilimia 82 ya ule wa ufuko wa bahari. Silinda inaingiza hewa kidogo, moto unatembea polepole, na motere inavumilia, hata inapenda, avansi ya ziada. Ukishuka mpaka mita 1,100, msukumo unafika karibu asilimia 88. Hewa inaingia mingi zaidi, silinda inabanwa zaidi. Alimaji iliyokuwa tamu Butembo inaweza kuanza kugonga upande wa Beni, na gari ni lilelile, mzigo ni uleule. Njo ilitupata.

Ile sauti ya mahindi

Wafundi wanaiita kliketi. Cheche ikitoka mapema kupita kiasi, msukumo unapanda wakati pistoni bado inapanda. Mchanganyiko wa mwisho, ule ambao moto haujaufikia, unabanwa na kupashwa joto mpaka unajiwasha wenyewe kwa pigo moja. Pigo hilo linavunja pahali pa segima, linatoboa kichwa cha pistoni, linakula gasiketi ya kilasi. Haliui siku moja kila mara. Linaweza kuchukua safari tatu.

Alimaji ikichelewa nayo ina shida zake: motere inakosa nguvu, inakunywa esansi, bomba la moshi linawaka joto, maji yanachemka ku mlima. Lakini ukilazimika kukosea, kosea upande wa kuchelewa. Kuchelewa kunakula pesa polepole, na kutangulia kunakula pistoni.

Namna ya kuweka, hatua kwa hatua

Motere ikiwa mbaya, alimaji haitaiponya. Kwa hiyo kabla ya kugusa delko, angalia supapi zimerekebishwa, bugi ni safi, waya za bugi ziko pahali pake. Kwa 2F mpangilio ni 1-5-3-6-2-4, na silinda ya 1 ni ile ya mbele, upande wa radiateri. Kama ungali na platine, nafasi yake ni milimita 0.45. Rekebisha platine KWANZA, alimaji baadaye, sababu ukibadilisha nafasi ya platine, alimaji inasogea nayo.

1. Tafuta "juu kabisa" ya kweli. Ku 2F kuna dirisha dogo pa nyumba ya volan ya motere: mstari ni juu kabisa, na gololi ndogo ya chuma iliyopigwa ndani ya volan ni degre 7. Lakini volan inaweza kuwa imebadilishwa. Usiamini, hakikisha. Toa bugi zote na utoe waya wa batri. Chukua bugi ya zamani, toa kauri yake, funga boloni yenye kichwa cha mviringo ndani, uikaze ku silinda ya 1. Zungusha motere kwa mkono, polepole, mpaka pistoni iguse boloni. Piga alama ku puli ya mbele, ukiangalia kishale ambacho hakisogei. Zungusha upande mwingine mpaka iguse tena. Piga alama ya pili. Juu kabisa ni katikati ya alama hizo mbili. Usitumie starter hata kidogo wakati boloni iko ndani, utatoboa pistoni mwenyewe.

2. Andika degre ku puli. Hii njo hatua niliyoipenda, sababu inahitaji tu metri ya mshonaji. Pima mzunguko wa puli na ugawanye kwa 360. Kama puli ina milimita 500 kuzunguka, degre moja ni milimita 1.39, degre 7 ni karibu 10, degre 30 ni karibu 42. Piga mistari kwa rangi nyeupe: 0, 5, 10, 20, 30, 40. Alama za avansi zinakaa upande ambao unapita kishale kabla ya sifuri wakati motere inazunguka. Ukizipiga upande mwingine, utasoma kuchelewa ukifikiri ni avansi.

3. Weka ya mwanzo, ya kuwashia. Ziba tundu la bugi ya silinda ya 1 kwa kidole na uzungushe mpaka usikie hewa inakusukuma. Hiyo ni kupanda kwa kubana. Pistoni inafika juu mara mbili kwa kila kazi, na mara moja tu kati ya hizo cheche inatakiwa. Ukikosea, motere itatema moto ku karbirateri. Simamisha puli ku degre 5. Rotori ya delko lazima iangalie waya wa silinda ya 1. Kwa delko ya platine, washa kontakti, funga balbu ya volti 12 kati ya waya wa platine na chasi. Platine zikifungana, balbu imezima, zikifunguka, inawaka. Geuza delko polepole: pale balbu inapowaka njo cheche inatoka. Kwa delko ya elektroniki, weka kwa kukadiria, washa, kisha pima kwa lampi.

4. Pima ralanti kwa lampi ya stroboskopi. Motere ipate joto lake la kawaida. Toa mpira wa kapsili na uzibe upande wa karbirateri. Funga klipi ya lampi ku waya wa silinda ya 1, angaza puli. Mwanga unawaka kila cheche, kwa hiyo mistari inaonekana imesimama. ANGALIA SANA: ventilateri nayo inaweza kuonekana kama imesimama, na haijasimama. Mikono, shati, kikwembe, vyote mbali. Kugeuza delko kinyume na mwendo wa rotori ni kuongeza avansi. Kufuata mwendo wa rotori ni kupunguza. Na kumbuka delko inazunguka nusu ya mwendo wa vilebrekeni: ukisogeza delko degre 1, alimaji inasogea degre 2. Kwa hiyo sogeza kidogo kidogo.

5. Pima jumla. Hapa njo tulipofeli. Mpira wa kapsili bado umezibwa. Mwenzako apandishe motere polepole mpaka 3,000 na zaidi kidogo, wewe ukiangalia puli. Avansi itapanda, kisha itasimama. Andika namba pale inasimama. Kwa motere ya zamani kama hii, jumla ya karibu 30 ni pahali pazuri pa kuanzia. Namba ya ralanti inakuja nyuma ya namba hii.

6. Rudisha kapsili. Funga mpira, angalia kwamba avansi inaongezeka ukikanyaga kidogo tu na inarudi ukiachilia. Kama haisogei, mpira wa ndani umepasuka. Kama ku ralanti avansi iliruka mara moja, mpira umefungwa ku tundu la kuvuta saa yote. Kwa 2F hauko pahali pake.

Tulichokuta ku gari yetu

Baada ya kubadilisha pistoni, tuliazima lampi kwa mzee mmoja, papa fundi wa miaka mingi. Nilimuomba aturudishie alimaji vilevile ilivyokuwa siku ile, alama ya zamani ilikuwa ingali inaonekana pa delko, ili tuone kwa dakika chache tu, bila mzigo. Ralanti: degre 14. Ku 3,000: degre 40.

Papa fundi alicheka kidogo. "Ingeniere," aliniambia, "wewe ku shamba unapimaka mbolea na mizani. Sasa juu ya nini motere ulipima na sikio?"

Sikuwa na jibu. Tulifanya hesabu pamoja: 40 kutoa 14 ni 26. Vizito vya delko ile vinaongeza degre 26, hilo halibadiliki bila kufungua delko. Kwa hiyo tukitaka jumla ya 32, ralanti lazima iwe 6. Tuliweka 6. Ralanti ikawa nzito kidogo, tukairekebisha kwa vidi ya karbirateri. Mtu anayesikiliza tu angesema tumeharibu motere.

Mtihani wa mwisho ni barabara

Lampi inakupa namba, mlima njo unakupa ukweli. Tafuta mlima mmoja unaoujua, upande wa chini wa safari yako, si wa juu. Beba mzigo wa kawaida. Tumia esansi ile unayonunuaka kila siku, si ile nzuri ya siku ya mtihani. Motere ikiwa ya moto, panda ku vitesi ya tatu, kanyaga kabisa, zima redio, fungua dirisha. Ukisikia mahindi hata kidogo, achilia, punguza degre 2, rudia.

Sisi tulisikia kidogo sana, pale chini, mu joto la saa nane. Tulirudi ku 4 kwa ralanti, 30 kwa jumla. Kimya. Juu ya milima gari inapoteza nguvu kidogo kuliko ingeweza kutoa, tunajua. Lakini hatuwezi kusimama kila mlima kugeuza delko, basi tunaweka kwa ajili ya pahali pabaya zaidi pa safari: chini, joto, mzigo mzito, esansi ya mashaka. Mkulima anachagua mbegu kwa msimu mbaya. Hapa ni vilevile.

Mambo matatu ya kubeba nyumbani. Kwanza, kila ukibadilisha kilasi, delko ao karbirateri, namba ya zamani imekufa, pima upya. Pili, andika: sisi tuna kartoni ndani ya mlango wa gari, ina tarehe, ralanti, jumla, na esansi ilinunuliwa wapi. Tatu, ukibadilisha pahali pa kununua esansi, sikiliza mlima wa kwanza kama ulikuwa unasikiliza mtoto mwenye homa.

Nasema hivi kwa wale wenzangu wenye diplomi mfukoni na mikono safi. Mimi nilisoma takwimu, nilisoma mashini za kilimo, na nilikaa ndani ya gari nikaongeza redio. Hesabu ya digrii 26 ni kutoa tu, ya darasa la pili. Nilikuwa nayo siku yote. Sikufikiri kama inahusu gari ya baba mkubwa.

Pick-up inatembea sasa. Wiki hii tunashusha vitunguu tena, magunia 8, si 10. Mwenye lampi ya stroboskopi ya kuuza kwa bei ya ndugu, aniandikie hapa chini. Na mwenye swali aulize, nitajibu nikipata rezo.